Mei Mosi na Wahamiaji wa Chicago

Kila ifikapo tarehe 1 Mei, wafanyakazi wa nchi nyingi za dunia, zikiwamo nchi za Afrika Mashariki na Kati, huandamana na mabango yao, husikiliza hotuba za viongozi, na kukumbushana haki na wajibu wao. Siku hiyo imezoeleka mno hata wako wanaodhani kwamba asili yake ni Moscow, au mji mwingine wa nchi zilizokuwa zikifuata ujamaa. La hasha. Mei Mosi ilizaliwa Marekani mwaka 1886, na kitovu chake kilizikwa Chicago. Watu wanne walinyongwa kutokana na matukio ya juma lile, na watatu kati yao hawakuzaliwa Marekani. Walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani.

Historia hiyo inafaa kukumbukwa kwa sababu imebeba swali ambalo halijazeeka. Mtaa wa wageni unapokuwa mchafu, wenye njaa na maradhi, je, kosa ni la wageni wenyewe, au ni la mshahara wanaolipwa na kodi wanayotozwa? Wamarekani wa kizazi kile walitoa majibu mawili. Waliosema kosa ni la mshahara na kodi walileta sheria za viwanda. Waliosema kosa ni la damu ya mgeni walileta sheria za kufunga mlango. Na ajabu ni kwamba majibu yote mawili yalitolewa na watu waliojiita wapenda maendeleo, mara nyingine na mtu yule yule mmoja.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, Marekani ilijenga reli na viwanda kwa kasi ambayo dunia ilikuwa haijaiona. Tanuri za chuma, machinjio, viwanda vya nguo na migodi ya makaa vilihitaji mikono, na mikono hiyo ilipatikana ng'ambo. Wakulima wa kusini mwa Italia walikuwa wamebanwa na uhaba wa ardhi na uzito wa kodi. Wayahudi wa Urusi walishambuliwa na kuporwa baada ya mfalme Alexander wa Pili kuuawa mwaka 1881. Wapolandi walikuwa hawana hata dola ya kuiita yao. Meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari ya bahari iliyokuwa ikichukua majuma mengi ikawa ya siku chache. Kati ya mwaka 1880 na 1920, watu zaidi ya milioni 20 waliingia Marekani. Katika mwaka 1907 peke yake waliandikishwa wahamiaji 1,285,349.

Chicago ilikuwa kioo cha mabadiliko hayo. Mwaka 1871 mji huo uliungua vibaya. Mwaka 1890 hesabu ya watu ilionyesha kwamba una wakazi zaidi ya milioni moja. Katika kila wakazi kumi, wanne walikuwa wamezaliwa nchi za nje. Mtu aliweza kutembea barabara chache tu akasikia Kijerumani, Kipolandi, Kicheki, Kiitaliano na lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, asikutane na Kiingereza ila midomoni mwa polisi na msimamizi wa kiwanda.

Kazi waliyoipata wahamiaji hao ilikuwa ya saa kumi, kumi na mbili, na pengine zaidi kwa siku. Unyonyaji ulionekana waziwazi zaidi katika ushonaji wa nguo. Tajiri mwenye duka kubwa hakuajiri washonaji. Alikata vitambaa, kisha akavigawa kwa makontrakta, na kila kontrakta alishindana na mwenziwe kwa kukubali bei ndogo zaidi. Kontrakta naye, ili abakiwe na faida, aliwakusanya wahamiaji wenzake katika chumba kimoja cha nyumba ya kupanga, chenye cherehani, jiko la kupashia pasi, na vitanda vya familia. Malipo yalikuwa kwa kipande. Mtoto wa miaka kumi alivuta nyuzi na kushona vifungo karibu na mama yake. Mwenye mali alipoulizwa juu ya hali ya wafanyakazi alijibu kwamba yeye hana wafanyakazi, na kwa mujibu wa vitabu vyake alisema kweli.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa dai la saa nane. Mwaka 1884 shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilipitisha azimio kwamba kuanzia tarehe 1 Mei 1886 siku ya kazi iwe ya saa nane. Siku ilipofika, mamia ya maelfu ya wafanyakazi walisimamisha kazi nchini kote, na Chicago ilikuwa mstari wa mbele. Tarehe 3 Mei polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliokuwa nje ya kiwanda cha mashine za kuvunia cha McCormick, na baadhi yao wakafa. Kesho yake jioni ulifanyika mkutano wa kulaani mauaji hayo katika uwanja wa Haymarket. Watu walikuwa wameanza kurudi makwao, na polisi wakaja kuwatawanya waliobaki. Ndipo bomu lilipotupwa. Polisi saba walikufa, na raia kadhaa nao wakafa kwa risasi zilizofuata. Mtu aliyelitupa bomu lile hajajulikana hata leo.

Serikali haikumpata mtupaji, lakini ilipata wa kushtakiwa. Watu wanane walisimamishwa kizimbani, watano wakiwa wazaliwa wa Ujerumani na mmoja wa Uingereza. Hapakutolewa ushahidi kwamba yeyote kati yao alilitupa bomu. Walihukumiwa kwa maneno waliyoyasema na magazeti waliyoyaandika. Tarehe 11 Novemba 1887 walinyongwa August Spies, George Engel, Adolph Fischer na Albert Parsons. Wa tano, Louis Lingg, alikuwa amekufa gerezani siku moja kabla. Parsons alikuwa Mmarekani wa kuzaliwa. Wenziwe watatu walikuwa Wajerumani. Magazeti mengi ya matajiri yalikwishatoa hukumu yake mapema: vurugu hizi si zao la Marekani, zimeletwa na takataka za Ulaya. Dai la saa nane, ambalo lilikuwa dai la kila mfanyakazi, likapakwa rangi ya ugeni ili lichukiwe.

Hapo ndipo njia ya kwanza ya fikra ilipopata nguvu. Mwaka 1894 vijana wasomi waliohitimu Chuo Kikuu cha Harvard waliunda mjini Boston chama cha kudai wahamiaji wapunguzwe. Hoja yao ilikuwa kwamba wahamiaji wa zamani, kutoka Uingereza, Ujerumani na nchi za Skandinavia, walikuwa watu wa kujenga nchi. Bali wapya, kutoka Italia, Poland na Urusi, walikuwa watu duni kwa asili. Walidai kila mhamiaji apewe mtihani wa kusoma. Hawakuwa wajinga wala wahuni. Walikuwa mawakili na maprofesa, waliosema kwa upole na takwimu mkononi, na wengi wao waliamini kwa dhati kwamba wanaitetea demokrasia.

Njia ya pili ilianzia penginepo. Tarehe 18 Septemba 1889 wanawake wawili wa familia zenye uwezo, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walihamia katika jumba kuukuu lililoitwa Hull House, kwenye barabara ya Halsted mjini Chicago, katikati ya mitaa ya wahamiaji. Addams alikuwa ameona mfano wa namna hiyo mashariki ya London, ambako wasomi walikwenda kuishi na maskini. Mwanzoni nia yao ilikuwa ya huruma tu: shule ya chekechea, masomo ya jioni, maonyesho ya picha. Lakini anayeishi na jirani hujua mengi kuliko anayemtembelea. Wakazi wa Hull House waligundua upesi kwamba mtoto hawezi kuja chekechea ikiwa anashona vifungo, na kwamba mama hawezi kusafisha uchochoro ambao manispaa haizoi taka. Mwaka 1895 Addams mwenyewe aliteuliwa mkaguzi wa taka wa kata hiyo, akawa anafuata magari ya taka alfajiri ahakikishe kwamba kazi iliyolipiwa imefanyika.

Mtu aliyeigeuza huruma hiyo kuwa hoja alikuwa Florence Kelley, aliyefika Hull House mwishoni mwa mwaka 1891. Kelley alikuwa binti wa mbunge, alisoma Zurich, na ndiye aliyekitafsiri kwa Kiingereza kitabu cha Friedrich Engels juu ya hali ya wafanyakazi wa Uingereza. Mwaka 1893, serikali ya Marekani ilipoagiza mitaa duni ya miji mikubwa ichunguzwe, Kelley aliongoza kazi hiyo Chicago. Wachunguzi waliingia nyumba baada ya nyumba, wakauliza: mmetoka nchi gani, mko wangapi, mnalipwa nini kwa juma? Majibu yaliandikwa, na Hull House ikayachapisha kwa kitabu na ramani mwaka 1895.

Ramani zilikuwa mbili, na maana yote ya kazi ile imo katika kuziweka pamoja. Moja ilipakwa rangi kufuata mataifa, na mataifa yalihesabiwa 18 katika eneo dogo ambalo mtu angeweza kulizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Ya pili ilipakwa rangi kufuata mapato ya familia kwa juma, nyeusi ikiwa ni ya familia zisizopata zaidi ya dola tano. Wale wa Boston walitazama mtaa kama huo wakaona mataifa tu. Ramani ya pili ilimlazimisha msomaji aone mshahara. Palipo na uchafu na vifo vya watoto, swali la kwanza halikuwa tena ametoka wapi baba wa nyumba hii, bali anapata kiasi gani, na nani anafaidi jasho lake.

Kutoka kwenye ramani palifuata sheria. Mwaka 1893 bunge la jimbo la Illinois lilipiga marufuku watoto wa chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani, likaweka siku ya saa nane kwa wanawake wa viwandani, na kudhibiti ushonaji wa majumbani. Gavana wa jimbo wakati huo alikuwa John Peter Altgeld, ambaye alizaliwa Ujerumani na kuletwa Marekani akiwa mtoto mchanga. Katika mwaka huo huo Altgeld alifanya mambo mawili makubwa. Aliwasamehe wafungwa watatu waliobaki wa kesi ya Haymarket, akieleza kwamba hukumu ile haikuwa ya haki. Kisha akamteua Florence Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa kwanza wa viwanda wa Illinois. Uchaguzi wa mwaka 1896 ulipofika alishindwa, na msamaha ule haukusahauliwa na adui zake.

Kelley na wakaguzi wake, ambao wengine walikuwa wanawake, walipanda ngazi za majumba ya kupanga na kuwapeleka waajiri mahakamani. Mwaka 1894, ndui ilipoenea Chicago, walikuta makoti ya kuuzwa madukani yakishonwa katika nyumba zenye wagonjwa. Taarifa yao iliwafundisha watu wa tabaka la juu somo ambalo hotuba za huruma hazikuwa zimewafundisha: koti la mtoto wa tajiri limetoka katika chumba cha mtoto wa maskini, na ugonjwa hauulizi pasipoti.

Ushindi ule haukudumu. Wenye viwanda waliungana, wakaenda mahakamani, na mwaka 1895 Mahakama ya Juu ya Illinois ilikifuta kifungu cha saa nane. Majaji walisema kwamba kinamnyima mwanamke uhuru wa kupatana na mwajiri wake. Uhuru huo ulikuwa wa ajabu, kwani mshonaji wa barabara ya Halsted alikuwa huru kukubali saa kumi na mbili au huru kulala njaa. Lakini mbinu ya kuhesabu haikufa. Mwaka 1908, sheria ya saa kumi kwa wanawake wa jimbo la Oregon ilipofikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya nchi nzima, Kelley na Josephine Goldmark walimpatia wakili Louis Brandeis kurasa zaidi ya mia za ushahidi wa madaktari na wakaguzi wa viwanda, na kesi ikashinda. Mahakama iliyozoea kusikiliza vifungu vya sheria ilikubali kusikiliza habari za mwili wa mfanyakazi.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuwachora wanamageuzi wa wakati ule kama malaika. Mioyo yao iligawanyika. Henry George, ambaye kitabu chake cha mwaka 1879 juu ya maendeleo na umaskini kilisomwa duniani kote, alieleza vizuri namna wamiliki wa ardhi wanavyojitajirisha kwa jasho la wengine; lakini huyo huyo aliandika kuwapinga Wachina wasiingie California. Jacob Riis, mhamiaji kutoka Denmark, aliwaonyesha Wamarekani kwa kamera mwaka 1890 jinsi maskini wa New York walivyorundikana. Lakini kitabu chake kimejaa maneno ya dharau juu ya Wachina, Waitalia na Wayahudi. Samuel Gompers, kiongozi wa shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi tangu mwaka 1886, alizaliwa London na alifika New York akiwa kijana. Lakini aliunga mkono sheria ya mwaka 1882 ya kuwazuia Wachina, na baadaye akaunga mkono mtihani wa kusoma. Aliyepita mlangoni jana alitaka ufungwe leo.

Hofu ya Gompers haikuwa ya kubuni. Ni kweli kwamba waajiri waliwatumia wageni kuvunja migomo. Mtu aliyeshuka melini jana, asiyejua lugha wala sababu ya mgomo, alipelekwa moja kwa moja kiwandani akapokea nusu ya mshahara wa mwenzake aliyegoma. Mfanyakazi wa zamani alimwona mgeni huyo kila siku. Mwenye kiwanda hakumwona. Basi ghadhabu yake ikamwangukia aliyekuwa karibu. Lakini kosa la hoja hiyo ni kudhani kwamba mgeni hupenda mshahara mdogo. Mgeni hupokea mshahara mdogo kwa sababu hana chama, hana kura, na ana deni la nauli.

Jawabu lilitolewa mwaka 1912 katika mji wa Lawrence, jimbo la Massachusetts. Huko sheria mpya ilikuwa imepunguza saa za kazi za wanawake na watoto kutoka 56 hadi 54 kwa juma, na wenye viwanda vya nguo wakapunguza na mshahara. Katika baridi kali ya Januari, wafanyakazi zaidi ya 20,000 wa mataifa mengi waligoma: Waitalia, Wapolandi, Walithuania, Washami na wengineo. Wakuu wa vyama vya mafundi walikuwa wakisema kwamba watu hao hawawezi kuungana kwa kuwa hawaelewani. Wao waliunda kamati yenye wajumbe wa kila taifa, na hotuba zikatafsiriwa lugha baada ya lugha. Mwezi Machi walishinda, wakapata nyongeza ya mishahara.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo wanamageuzi walijifunza polepole: taifa husikia upesi kilio cha mlaji kuliko cha mzalishaji. Mwaka 1906 Upton Sinclair alitoa riwaya juu ya familia ya Walithuania katika machinjio ya Chicago. Alikusudia kuonyesha mateso ya wafanyakazi. Wasomaji walishtushwa zaidi na uchafu wa nyama waliyokuwa wakiila, na tarehe 30 Juni mwaka huo huo sheria mbili za usafi wa vyakula na dawa zilitiwa sahihi. Nyama ilikaguliwa. Mkono ulioikata nyama ile ulibaki kama ulivyokuwa.

Ili mkono nao utazamwe, ilibidi wenye mkono waseme wenyewe. Mnamo Novemba 1909 wasichana wa viwanda vya nguo mjini New York, karibu wote Wayahudi na Waitalia, waligoma wapatao 20,000. Mgomo huo uliwashwa na Clara Lemlich, msichana aliyezaliwa Ukraine, aliyesimama mbele ya mkutano mkubwa na kudai kwa lugha ya kwao kwamba maneno yamekwisha. Viwanda vingi vilikubali mkataba na chama chao. Kiwanda cha Triangle kilikataa. Tarehe 25 Machi 1911, Jumamosi karibu na saa za kutoka kazini, moto ulizuka kwenye kiwanda hicho, katika ghorofa za juu. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ngazi za zimamoto hazikufika ghorofa ile. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana, na makumi kati yao walijirusha madirishani mbele ya macho ya watu. Wamiliki wawili wa kiwanda, ambao wenyewe walikuwa wahamiaji, walishtakiwa na kuachiliwa. Hilo nalo ni funzo kwa wanaodhani kwamba asili ya mtu ndiyo inayomfanya mnyonyaji au mnyonywaji.

Miongoni mwa waliokuwa barabarani wakitazama alikuwamo Frances Perkins, ambaye hapo awali alipata kukaa na kufanya kazi Hull House. Jimbo la New York liliunda tume ya kuchunguza viwanda. Mwenyekiti wake alikuwa Robert Wagner, mzaliwa wa Ujerumani. Gompers naye alikuwa mjumbe. Perkins aliwapeleka wanasiasa hao viwandani wakaone kwa macho yao. Katika miaka michache zilipitishwa sheria nyingi juu ya milango, moto, saa za kazi na watoto. Mwaka 1933 Perkins akawa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani.

Lakini wakati sheria za viwanda zikijengwa tofali kwa tofali, wenzao wa Boston nao hawakulala. Mtihani wa kusoma ulikataliwa na marais watatu, Cleveland, Taft na Wilson, lakini mwezi Februari 1917 Bunge liliupitisha juu ya kura ya turufu ya Wilson. Mwaka 1921 idadi ya wahamiaji iliwekewa kikomo. Mwaka 1924 ikaja sheria kali zaidi: kila taifa la nje ya bara la Amerika lilipewa asilimia mbili ya idadi ya watu wake walioishi Marekani mwaka 1890. Mwaka huo haukuchaguliwa kwa bahati. Ni mwaka ambao Waitalia, Wapolandi na Wayahudi wa Urusi walikuwa bado wachache. Italia, ambayo katika miaka kumi ya mwanzo wa karne ilitoa zaidi ya watu milioni mbili, ilipewa nafasi 3,845 kwa mwaka. Waasia wengi walifungiwa kabisa.

Kwa wasikilizaji wa sehemu hizi za Afrika, orodha ya nafasi iliyotangazwa mwaka huo ina mistari miwili ya kuangaliwa. Ruanda-Urundi, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, ilipewa nafasi 100. Tanganyika, iliyokuwa chini ya Waingereza, ilipewa nafasi 100. Hicho kilikuwa kiwango cha chini kabisa katika sheria. Tena sheria iliagiza kwamba, asili ya Wamarekani itakapopigiwa hesabu ili kupanga mgao wa kudumu, wazao wa watumwa wasihesabiwe. Yaani mamilioni ya watu ambao babu zao walipelekwa kwa minyororo, wakalima pamba iliyolisha viwanda, hawakuwa na nchi ya asili mbele ya kalamu ya karani. Mfumo huo wa mgao kwa taifa uliondolewa mwaka 1965 tu.

Je, kufungwa kwa mlango kuliondoa umaskini? Historia ilitoa jibu upesi. Miaka mitano tu baada ya sheria ya 1924, soko la hisa la New York lilianguka. Kufikia mwaka 1933, mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Safari hiyo hapakuwa na meli bandarini ya kulaumiwa. Walioambiwa kwamba mgeni ndiye aliyewapunguzia mshahara walijikuta hawana mgeni wala mshahara. Nchi ikalazimika kurudi kwenye njia ya pili: mwaka 1935 ikaja sheria ya kulinda vyama vya wafanyakazi, inayojulikana kwa jina la Wagner, pamoja na sheria ya mafao ya uzeeni na ukosefu wa kazi; na mwaka 1938 sheria iliyoweka kima cha chini cha mshahara, ikaweka kikomo cha saa za kazi, na kupiga marufuku ajira ya watoto katika sehemu kubwa ya viwanda. Florence Kelley alikuwa amefariki mwaka 1932, hakuyaona hayo.

Na hata hapo, watumishi wa majumbani na vibarua wa mashambani waliachwa nje ya sheria hizo. Wengi wao walikuwa watu weusi wa kusini na vibarua wenye asili ya Meksiko. Wenye mashamba na wabunge wao walihakikisha hivyo. Basi mstari wa kubagua ulihamishwa tu: ulitoka mlangoni mwa nchi ukapita katikati ya wafanyakazi wake.

Hata hivyo, Hull House haikuona kwamba mhamiaji lazima avuliwe utu wake ndipo afae. Mwaka 1900 Jane Addams alifungua jumba la makumbusho la kazi za mikono, ambamo akina mama wa Kiitaliano, Kishami na Kirusi walisokota nyuzi kama walivyofanya kwao. Alikuwa ameona watoto wakiwaonea haya wazazi wao kwa sababu hawakujua Kiingereza. Alitaka mtoto amwone mama yake akiwa fundi, mbele ya watu wanaomtazama kwa heshima.

Funzo la historia hii si kwamba nchi haina haki ya kupanga nani aingie. Kila dola hupanga hayo. Funzo ni kwamba kupanga mlango hakuwezi kuchukua nafasi ya kupanga mshahara. Anayemwambia mfanyakazi kwamba njaa yake imeletwa na mgeni ana wajibu wa kuonyesha ramani zote mbili: ya mataifa na ya mapato. Akionyesha moja tu, wafanyakazi wamuulize ya pili ameificha wapi, na kwa faida ya nani.